Tetemeko Lisilofanya Kazi Jumapili

Kila asubuhi, kabla hajamfungulia ng'ombe, Rodah Chepkurui hushuka hadi kona ya chini ya shamba lake, hupiga magoti kando ya kifuniko cha chuma kilicho sawa na ardhi, hukifunua, na kutazama taa ndogo ya kijani. Huihesabu ikiwaka. Ikifika mara tano hufunika, hupangusa paneli ya sola kwa pindo la leso, kisha husema, "Chamgei." Hakuna anayejibu salamu hiyo. Yeye hungoja kidogo hata hivyo, kama mtu aliyelelewa vizuri anavyongoja, ndipo apande kwenda kukamua.

Chini ya kile kifuniko, ndani ya shimo lililosakafiwa kwa saruji, kimekaa kipima mitetemo. Hapa Kaptumoi tunakiita Sikio. Kililetwa miaka miwili iliyopita na mradi wa utafiti wa watu wa ng'ambo na wenzao wa Nairobi, waliotaka kujua ganda la dunia lina unene gani chini ya milima yetu ya chai, na linavutwa vipi kuelekea Bonde la Ufa. Walizika vipima kumi na viwili, kutoka Sigor hadi Sigowet. Kimoja kikaangukia kwa Rodah kwa sababu kona yake ni tulivu, mbali na barabara, na kwa sababu alikubali. Aliahidiwa taa ya sola ya nyumbani kwa wema wake. Taa hiyo haijafika mpaka leo.

Rodah ana miaka sitini na mmoja. Mumewe, Kipruto, alifariki kabla nyumba yao haijaezekwa. Rodah mwenyewe alisoma mpaka darasa la nne, akatolewa shule ili alee wadogo zake. Huandika kwa herufi kubwa, polepole, akiuma ncha ya ulimi. Nayasema haya kwa sababu kuandika ndiko walikomwomba.

"Kogo," fundi wa mradi alimwambia siku ile, akimwita nyanya kama tunavyomwita sote, "mashine inasikia kila kitu, lakini haijui ni nini. Lori ikipita, ng'ombe ikiruka, radi ikipiga, wewe andika. Siku na saa. Wewe ndio utatuambia."

Akampa daftari la kurasa arobaini na nane.

Mtu mwingine angeandika wiki moja akachoka. Rodah aliandika kila siku kwa miezi mitatu, mpaka daftari likajaa. Fundi alipokuja kuchukua kadi ya mashine, alilichukua na lile daftari, akasema ataleta lingine. Hakuleta. Basi Rodah akaanza kuandika nyuma ya risiti za chai.

Wasiolima chai hawajui risiti ni nini kwetu. Unachuma asubuhi, mchana unabeba gunia hadi kwenye kibanda cha kununulia, karani analitundika kwenye mizani ya umeme inayoning'inia darini, anabonyeza, na kijimashine mkononi mwake kinatoa karatasi nyembamba yenye jina lako, kilo, tarehe na saa hadi dakika. Hakuna mkulima anayeitupa mpaka bonasi ya Oktoba itoke. Tunazifunga kwa uzi, tunazitia ndani ya kopo, na kopo linakaa juu, panya wasifike.

Lakini kuna risiti nyingine ambazo hakuna anayezitaka, nazo ni zile zilizofutwa. Karani wetu, Sagini, mtu wa Kisii aliyekaa nasi miaka tisa, aligundua kwamba siku nyingi, muda mfupi baada ya saa nane, gunia linaanza kuchezacheza kwenye ndoano lenyewe, bila mtu kuligusa. Namba zinaruka. Akiwa ameshabonyeza, inatoka risiti yenye kilo za uongo. Hapo inambidi aifute, asubiri gunia litulie, apime upya. Kila risiti iliyofutwa hutoka nakala mbili: moja anaituma kiwandani, nyingine anaitupa chini.

"Sagini, hizo unatupa, nipatie," Rodah alimwambia.

"Kogo, hizo ni takataka. Zitakusaidia na nini?"

"Ziko na saa tayari. Mimi mkono yangu ni polepole."

Akawa anaokota. Nyuma ya kila moja aliandika maneno matatu au manne, akaitia kwenye kopo la peke yake.

Kilichokuwa kikichezesha gunia, kila mtu alikijua. Ng'ambo ya kijito, kama kilomita moja, yako machimbo ya mawe ya Kipkurui. Zamani baba yake alichonga mawe pale kwa nyundo na tindo, na mawe ya nyumba ya Rodah yalitoka kwenye mikono yake. Mtoto aliporithi alileta baruti. Kibali chake kiliruhusu kulipua mara mbili kwa mwezi, king'ora kikilia kwanza. King'ora tulikisikia mwezi wa kwanza tu. Baada ya hapo, wafanyakazi wake wakishamaliza chakula cha mchana, sahani zinagongana kabatini.

Nyumba ya Rodah ilijengwa kwa miaka kumi na mmoja, chumba baada ya chumba. Ufa ulianzia juu ya dirisha la jikoni. Rodah alitia alama ya penseli mahali ulipoishia, na tarehe. Wiki iliyofuata ufa ulikuwa umeipita alama. Akatia nyingine. Nilipouona mara ya kwanza alama zilikuwa ishirini na sita, zikipanda ukutani kama ngazi ya sisimizi.

Watu walipolalamika, Kipkurui alikuwa na jibu moja. "Ni tetemeko. Hamsikii redio? Bonde la Ufa inapasuka. Mungu ndiye anatikisa, mnataka nimshtaki?"

Na kumbe jibu lile la kijinga lilikuwa linatafutiwa koti na tai.

Mwezi wa tano mwaka jana tuliitwa baraza kwenye kibanda cha chai. Chifu alikuja na mshauri kutoka Nairobi, daktari wa kusoma, aliyeajiriwa na Kipkurui. Mshauri alikuwa na ripoti ya kurasa sitini. Alisema kituo cha utafiti kilichoko papa hapa Kaptumoi kimerekodi matetemeko madogo mia mbili na kumi na manne kwa miezi kumi. Kwa hiyo mteremko wetu si salama. Kwa hiyo familia kumi na nne zihame ndani ya siku tisini, na nyumba ya kwanza kwenye orodha ni ya Rodah Chepkurui, kwa kuwa ina nyufa tayari. Kisha chifu akaongeza, kana kwamba ni habari ya kufariji, kwamba Bwana Kipkurui, kwa moyo wa huruma, yuko tayari kununua vile viwanja ambavyo watu watakuwa wamevihama.

Nilikuwa nimeketi nyuma, karibu na magunia, na nilijua ile namba imetoka wapi. Inafaa niseme. Programu ya kompyuta huokota kila mtikisiko unaofanana na tetemeko na kuupanga kwenye orodha. Halafu mtu anatakiwa kuupitia mmoja mmoja, aangalie ni tetemeko kweli au ni kitu kingine. Katika ofisi ya mradi, Kericho, mtu huyo nilikuwa mimi, kwa mkataba wa muda, na digrii yangu ya jiolojia. Niliona kwamba karibu yote inakuja alasiri. Nilimwambia msimamizi wangu mara moja, kwa sauti ndogo. Akasema tutaangalia baadaye. Nikanyamaza. Orodha ikawekwa kwenye mtandao bila kukaguliwa, na mshauri wa Kipkurui akaichukua kama embe lililoanguka njiani.

Rodah alisimama.

"Daktari, hiyo mashine iko kwangu. Mimi ndio naangalia taa yake. Nauliza kitu moja tu. Hizo tetemeko zinakuja siku gani?"

"Siku zote, mama. Tetemeko halina ratiba. Ni nguvu za asili."

"Hata Jumapili?"

"Hata Jumapili."

"Angalia karatasi."

Mshauri alitabasamu kwa wale wazee wa mbele, akafungua ripoti yake nyuma, kwenye majedwali. Akapitisha kidole. Akarudi juu. Akapitisha tena.

"Jumapili ziko..." akasema, "ziko mbili."

"Mbili kwa mia mbili na kumi na nne?"

"Basi hizo mbili ndizo hazijaokoka!" akapiga kelele Mongina, jirani yake Rodah, ambaye mdomo wake haujawahi kuomba ruhusa. "Zingine zote ziko kanisa!"

Kibanda kizima kiliangua kicheko. Hata chifu aliinamisha kofia.

Kipkurui hakucheka. "Kogo, wacha mchezo. Jumapili wewe mwenyewe uko kanisani unaimba. Utasikia tetemeko aje?"

"Mimi niko kanisa," Rodah akasema. "Sikio haiendi kanisa."

Kisha akainua kopo. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira. Akatoa furushi la karatasi nyembamba.

"Hapa ziko sitini na tatu. Kila siku mizani ilicheza, Sagini akafuta. Iko na siku, iko na saa. Nyuma nimeandika ni nini. Mchukue ya mashine, muweke kando ya hii, muone kama ni Mungu ama ni Kipkurui."

Sasa sikiliza walivyomjibu mwanamke huyu. Chifu alisema, "Mama, hizi ni risiti za majani. Hapa hatupimi chai." Mshauri alisema, bila hata kunyoosha mkono azione, "Kwa heshima zote, hii si data." Na Kipkurui, aliyepata pumzi yake tena, akasema, "Kogo anataka tununue tetemeko kwa kilo!" Kicheko kikarudi, safari hii kikiwa juu yake, na baadhi ya waliocheka walikuwa miongoni mwa zile familia kumi na nne.

Rodah hakuketi. Alisimama na furushi lake, akingoja, vile anavyongoja asubuhi.

Sagini ndiye aliyekata kile kicheko. Alikuwa na kazi ya kupoteza, kwa sababu binamu wa Kipkurui alikuwa mjumbe wa kamati ya kibanda. "Nakala zake ziko kiwandani," akasema. "Mimi ndiye nilizifuta. Kila moja. Kama kogo anadanganya, mizani yangu pia inadanganya, na basi chai yenu ya mwaka mzima nimepima uongo."

Hilo halikumchekesha mtu. Chifu akafunga baraza haraka, akasema zile karatasi ziachwe kwake zichunguzwe.

"Hapana," Rodah akasema. "Daftari yangu ya kwanza ilichukuliwa hivyo hivyo."

Akatazama nyuma, akaniona nikijikunyata kwenye magunia.

"Wewe si ni mtoto wa Caren? Si ndio ulienda kusomea mawe huko yunivasiti? Kuja. Shika. Uhesabu. Halafu unirudishie zote, nazijua idadi."

Nilizipeleka Kericho ndani ya begi la vitabu, nikizishika kama mtu aliyebeba mayai. Kazi yenyewe ilinichukua siku mbili, na sikuhitaji kipaji chochote kuifanya. Nilichukua dakika iliyochapwa kwenye kila risiti, nikaitafuta kwenye orodha ya Sikio. Saa nane na dakika kumi na mbili kwa risiti, saa nane na dakika kumi na moja kwa mashine. Saa nane na ishirini na tano, saa nane na ishirini na nne. Nikaendelea hivyo, moja baada ya nyingine. Kati ya sitini na tatu, sitini na moja zililingana. Zile mbili zisizolingana niliziogopa, nikidhani nimepata uongo wake. Nikazigeuza. Nyuma ya moja aliandika: LORI IMEGONGA NGUZO. SI MAWE. Nyuma ya nyingine: SAGINI AMEANGUSHA MIZANI. SI MAWE.

Kisha nikafanya nililopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilifungua mawimbi yenyewe. Mlipuko huisukuma ardhi kwenda nje pande zote kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila kipima, popote kilipo, wimbi lake la kwanza hupanda juu. Tetemeko la kweli ni miamba miwili inayoteleza, upande mmoja unasukuma na mwingine unavuta. Kipima kimoja hupanda, kingine hushuka. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayajua haya. Mitikisiko mia moja na tisini na saba ilipanda kila mahali, kuanzia Sigor hadi Sigowet. Iliyobaki, kumi na saba, ilikuwa matetemeko ya kweli, ya mbali, kutoka upande wa Bonde la Ufa, dhaifu kiasi cha kutotikisa hata uji kikombeni. Yale mawili ya Jumapili yalikuwa miongoni mwayo.

Siku ile ya pili, nikitaka kumimina chai, niliinua chupa iliyokuwa mezani karibu na dirisha. Ilikuwa imekalia daftari. Jalada lilikuwa na duara juu ya duara la alama za chai. Nililifungua.

JUMANNE. SAA NANE NA ROBO. MAWE IMEPIGA. KIKOMBE IMEANGUKA.

JUMATANO. SAA NANE NA NUSU. MAWE. NG'OMBE AMEKATAA KUTOA MAZIWA.

ALHAMISI. RADI. SI MAWE.

Kurasa arobaini na nane, mbele na nyuma. Lilikuwa pale mezani miezi yote ile niliyokuwa nikikaa hatua nne kutoka kwake, nikijiuliza kimoyomoyo ni nini kinachotikisa kila alasiri. Jibu lilikuwa limeshaandikwa, na sisi wenye digrii tulikuwa tumelifanya la kuwekea chupa.

Nilimpelekea msimamizi wangu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi. Alilifungua kidogo, akatabasamu kwa upole. "Lo, zile daftari," akasema. "Tuliwapa wenyeji wote ili wajisikie ni sehemu ya mradi. Hakuna aliyetegemea mtu ataandika kitu cha maana."

Tulimwambia mwanamke aliyetolewa shule darasa la nne kwamba yeye ndiye atakayetuambia. Akatuamini. Akauma ulimi wake akaandika, mchana baada ya mchana, mikono ikiwa bado myeusi kwa utomvu wa chai. Nasi tulikuwa tunamliwaza tu, kama mtoto. Hivi tungemwachaje mtu ahamishwe kwenye nyumba ya miaka kumi na mmoja kwa namba ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameshaisahihisha?

Safari hii sikusema kwa sauti ndogo. Nilisema mbele ya mkutano mzima wa mradi, nikisoma kutoka kwenye karatasi kwa sababu macho yao yalinitisha. Orodha iliondolewa kwenye mtandao wiki ileile. Barua ikaenda kwa ofisi za kaunti mjini Bomet, ikiwa na jedwali la risiti sitini na moja kando ya mitikisiko sitini na moja.

Baraza la pili lilikuwa fupi. Mshauri hakuja. Chifu alisoma kwamba agizo la kuhama limefutwa kutokana na hitilafu ya takwimu, na kwamba kibali cha baruti kimesimamishwa hadi uchunguzi ukamilike. Hakutaja risiti wala mizani. Hakuna aliyesema kwamba ile hitilafu ya takwimu ilikuwa na jina, na gari, na machimbo. Kipkurui alikuwa amesimama palepale mbele, mikono mfukoni, na watu wawili wakamsalimia.

"Na ukuta wangu?" Rodah akauliza.

"Hiyo ni kesi nyingine, mama," chifu akasema.

Mwaka huu mradi ulichapisha makala yao kuhusu ganda la dunia chini ya milima ya chai. Ni makala nzuri, sitaki kusema vinginevyo. Mwishoni zimo shukrani kwa wafadhili, kwa vyuo vitatu, na kwa "jamii ya wenyeji". Niliandika kuomba jina la Rodah Chepkurui litajwe, kwa kuwa bila yeye orodha yao ingekuwa na matetemeko mia moja na tisini na saba ya baruti. Nikajibiwa kwa adabu kubwa kwamba nafasi ilikuwa finyu.

Ndiyo maana nimeliandika hapa.

Mwezi uliopita nilikwenda kumrudishia daftari lake. Risiti nilikwisha kuzirudisha zamani, naye alizihesabu mbele yangu, zote sitini na tatu. Nilifika mapema, umande bado uko kwenye chai. Ufa ulikuwa na alama ishirini na sita na haukuwa na ya ishirini na saba. Nilimkuta kule kona ya chini, amepiga magoti. Alihesabu taa mpaka tano, akafunika, akapangusa paneli kwa pindo la leso.

"Chamgei," akaliambia Sikio. Akangoja.

Nilikuwa na maswali mengi niliyoyaandaa njiani. Nikauliza moja tu.

"Kogo, baada ya yale yote tuliyokufanyia, mbona bado unaisalimia hii mashine yetu?"

Rodah aliinuka akishika goti.

"Hii?" akasema. "Hii haijawahi kuniambia nihame."